Matumbo ya Kiamaiko na Utumbo wa Nasimiyu

Nyinyi mliobaki kwenye maji kule Kiamaiko, hasa nyinyi wasichana mlioingia juzi na kucha zenu za rangi, nimeona niwaandikie kabla mikono yangu haijasahau. Mimi ni Mama Wekesa, yule aliyekuwa akiosha matumbo pale pembeni karibu na ukuta wa machinjio. Niliacha kazi mwaka jana. Wengine mmesema niliacha kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mabovu kweli, lakini yamekuwa mabovu tangu Wekesa akiwa shule ya msingi na sikuacha. Niliacha kwa ajili ya utumbo wa binti yangu Nasimiyu. Hiyo ndiyo nataka kuieleza, ila siwezi kuieleza bila kazi, kwa sababu mambo hayo mawili yameshikana kama utumbo na mafuta yake.

Habari za nani alilipwa ngapi na nani alipandishwa cheo sitaziandika. Pale kwetu hakuna aliyewahi kupandishwa. Unaanza umeinama, unamaliza umeinama.

Nilifika Nairobi nikiwa mke mpya wa Wanjala, kutoka Bungoma. Tulipanga chumba Lucky Summer, yeye akifanya kazi kiwandani Baba Dogo. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Jirani akaniambia Kiamaiko wanatafuta wanawake wa kuosha matumbo. Nikafikiri, kuosha ni kuosha. Nyumbani ng'ombe akichinjwa ni sisi wanawake tunaopeleka matumbo mtoni. Kumbe nyumbani ni ng'ombe mmoja wa harusi, na hapa ni mbuzi juu ya mbuzi, wa kwanza hujamaliza wa kumi amekuja.

Aliyenipokea ni Mama Mutheu, Mkamba wa Machakos, mwanamke mwenye mikono kama ya mjenzi. Wengi wenu hamkumkuta. Aliniangalia miguuni.

"Umekuja kanisani?"

"Ndivyo viatu nilivyo navyo."

"Basi leo utavizika."

Kufika saa ya chai nilikuwa nimetapika, nimeosha nilipotapika, nimerudi kuinama. Nikangoja anifukuze. Akasema, "Vizuri. Asiyetapika siku ya kwanza pua yake haifanyi kazi, na mtu bila pua simtaki hapa."

Vifaa vyangu vilikuwa vichache na nitavitaja, maana nasikia siku hizi mnaazimana. Kisu kifupi chenye ncha butu. Ncha kali itatoboa utumbo, na utumbo uliotobolewa mtu wa mutura, ile soseji ya damu ya kuchoma, hautaki, damu itamvujia yote kwenye moto. Kinoe kwenye ukingo wa saruji na kitakaa. Makarai mawili, la uchafu na la safi, na usiyabadilishe hata kama yanafanana kama mapacha. Buti za mpira zilizo kubwa kidogo, ili ukinaswa kwenye mtaro mguu utoke na buti libaki. Na kijiti laini cha kugeuzia utumbo, ndani uwe nje. Changu nilichongewa na jirani yangu mchonga vinyago, kwa hiyo kilikuwa na kichwa cha twiga. Nilichekwa sana kwa twiga wangu. Lakini hakuna aliyewahi kuniibia.

Mchinjaji akishasoma dua yake na mbuzi akapasuliwa, matumbo yanakuja yakiwa bado na joto. Unatenga. Kuna taulo, lile tumbo kubwa la manyoya manyoya, na kuna lile la kurasa tunaloliita kitabu. Utumbo mwembamba ni mrefu ajabu, huo ni wa supu na wa kukaanga. Utumbo mpana ni mfupi na mnene, huo ni wa mutura. Unakamua kwanza, kisha maji baridi, kisha unageuza, kisha chumvi. Maji moto ni ya taulo peke yake. Ukimwagia utumbo maji moto kabla hujaugeuza, umeupika na mavi yake, na hiyo harufu itakufuata mpaka kitandani. Mume wangu ndiye aliyeniambia, na alikuwa mtu mpole.

Kitu kikubwa alichonifundisha Mama Mutheu ni vipele. Kuna mbuzi ambao utumbo wao una vijivimbe vidogo, vigumu kama punje za mtama, vimejificha kwenye ukuta wa utumbo. Hiyo ni kazi ya minyoo. Alinishika vidole akavipitisha polepole.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Rudia. Funga macho, macho yanadanganywa na maji."

Nikarudia, nikasikia. Vikiwa vichache mahali pamoja, unakata kipande hicho, unatupa, unaosha kilichobaki. Vikijaa kote unamwita mkaguzi wa nyama na utumbo wote unakwenda shimoni. Kulikuwa na wasichana waliopenda kubishana na mkaguzi kwamba ni vichache. Mama Mutheu hakubishana hata mara moja. Alisema utumbo uliojaa unajulikana, na anayebishana ndiye anayejua zaidi.

Basi nikawa mtu wa Kiamaiko. Nikazaa Wekesa, nikazaa Nasimiyu, nikawalea kwa harufu ile na wakanenepa.

Wanjala aliugua Wekesa akiwa darasa la saba. Alianza kwenda choo mara kwa mara. Choo cha ploti yetu kilikuwa cha watu wote, kwa hiyo wapangaji walijua kabla yangu. Kulikuwa na damu na hakuniambia. Mwanamume wa kiwandani ataongea habari za choo na mkewe vipi. Alipokuja kusema, nguo zilikuwa zinamning'inia. Hospitalini wakasema ni saratani ya utumbo mpana, na imeshafika kwenye ini. Hakumaliza mwaka.

Kwenye matanga huko Bungoma, shemeji yangu Barasa, kaka mkubwa wa Wanjala, alisimama mbele ya watu.

"Mtu akilishwa matumbo ya mbuzi kila jioni," akasema, "yake yatabaki vipi?"

Jina hakutaja. Uwanja mzima ukaniangalia mimi. Nikasimama.

"Shemeji, na baba yenu je? Yeye alikufa na tumbo na hakuwahi kufika Nairobi hata siku moja."

"Baba alirogwa."

"Basi mmoja amerogwa na mwingine amelishwa. Mna mikosi sana nyinyi."

Wanawake wakanivuta leso nikae. Nilikaa. Lakini neno lile lilikaa na mimi miaka, sitawaficha. Nikigeuza utumbo kwa kijiti changu nilikuwa nikijiuliza kama ni kweli niliua mtu na sufuria. Niliporudi kazini Mama Mutheu alinipisha mahali pake penye kivuli, akahamia juani. Nimepewa pole nyingi maishani na hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Miaka ikaenda. Mama Mutheu akarudi Machakos akazeeka huko, mimi ndiye nikawa wa kuuliza wageni kama wamekuja kanisani. Kisha akaugua Nelima, dada yao Wanjala na Barasa, aliyeolewa Donholm. Nelima hakutia tumbo la mbuzi mdomoni maisha yake yote. Nikimtembelea alikuwa akifungua madirisha, na nikitoka sijui alifungua nini tena. Sasa naye ni damu, naye ni utumbo mpana. Nilimuuguza mimi, kwa sababu wengine walikuwa na kazi za heshima.

Siku moja daktari aliyekuwa akimwona, mwanamke kijana asiye na haraka, alimuuliza ni nani mwingine kwao amewahi kuugua hivi. Nelima akataja baba yake. Akamtaja Wanjala. Daktari akaweka kalamu chini.

"Huyo Wanjala aliacha watoto?"

"Wawili," nikasema. "Ni wangu."

"Wapimwe wote wawili. Wasingoje kuumwa." Akatueleza kwamba ugonjwa wa namna hii unatembea na damu ya familia, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na kila mtoto anaweza kuwa ameuchukua au hakuuchukua, kama kurusha shilingi juu.

Nelima akageuza kichwa kwenye mto. "Mama Wekesa, kwa hiyo si matumbo yako."

"Si matumbo yangu."

"Maskini Barasa. Atasema nini sasa." Akacheka mpaka akaumia. Hakuishi sana baada ya hapo, lakini siku hiyo alicheka, na madirisha tulikuwa tumeyafunga.

Nami nikatoka pale nikiwa na watoto wawili na shilingi mbili hewani. Kama kwenu pia watu wamekufa na tumbo, mmoja baada ya mwingine, au na matiti, au na kizazi, acheni kutafuta mchawi. Ulizeni daktari swali hilo wenyewe, msingoje awaulize.

Wekesa wakati huo alikuwa akiendesha lori la mchanga na akiishi Donholm na watu wake. Nilimpigia, nikamweleza kwamba wanapima utumbo kwa kamera ndogo.

"Mama, mimi sina shida. Naenda choo kama saa."

"Baba yako pia alisema hana shida."

"Na hiyo kamera wanaingizia wapi?"

"Unajua wanaingizia wapi."

"Basi umejijibu," akakata simu.

Nasimiyu ni mtu mwingine. Ana kibanda Lucky Summer, anauza supu na matumbo ya kukaanga, nilikuwa nikimpelekea mali mimi mwenyewe ikiwa safi. Ana mtoto mmoja, Imani, ambaye anaongoza darasa lake. Sisemi hivyo kwa sababu ni mjukuu wangu, nasema kwa sababu ni kweli. Nasimiyu alifunga kibanda siku moja akaenda kupimwa. Akarudi akasema, "Mama, wamepata vinyama vidogo vidogo humo ndani. Vingi."

Mimi nikasikia vipele, nikapumua. Vipele navijua. Nikapita duka la dawa nikanunua dawa ya minyoo. Nasimiyu akanywa, Imani akanywa, mimi nikanywa, na Wekesa nikampelekea Donholm akanywa kwa furaha kabisa kwa kuwa hii ilikuwa inaingia kwa mdomo. Kazini wenzangu wote waliniunga mkono. Halima, mnamjua, alisema hata mbuzi wa Marsabit huwa hivyo wakifika, ni dawa tu.

Tuliporudi kwa yule daktari nilimwambia kwa kifua mbele kwamba minyoo tumeimaliza. Hakunicheka. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, vya mbuzi vinaletwa na mnyoo. Mnyoo akitoka, yamekwisha. Hivi vimeota kutoka kwa mwili wake mwenyewe na vitaendelea kuota. Leo hana saratani. Lakini kimoja kati ya hivi kitageuka, na siwezi kukwambia ni kipi wala lini."

"Basi kata vile vibaya, uache vizuri. Sisi ndivyo tunafanya."

"Vingekuwa vitano ningevitoa kwa kamera. Vimejaa, Mama."

Akasema anachoshauri ni utumbo mpana utolewe wote, sasa, kabla haujawa ugonjwa. Ule mwembamba utashonwa kama kifuko kidogo na kuunganishwa chini. Wakati kidonda kinapona, miezi kadhaa, choo kitatokea kwenye tundu la tumboni na kuingia kwenye mfuko. Halafu watafunga tundu, atakwenda chooni kama watu, ila mara nyingi zaidi. Akamwambia Nasimiyu uamuzi ni wake na anaweza kuuliza chochote. Nasimiyu akachukua karatasi zake, akasimama.

Tulipofika nje ndipo aliongea.

"Mama, mimi siumwi popote. Mtu mzima anajipeleka mwenyewe akakatwe?"

"Ukingoja kuumwa utakuwa umechelewa. Baba yako alingoja."

"Na nitasimama pale nauzia watu supu na mfuko wa mavi umefungwa tumboni. Nani atanunua?"

"Kwani wateja wako wao yao wameyaweka wapi?"

"Mama, wacha."

Niliwacha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko taulo la ng'ombe mzee, lakini niliwacha, wiki baada ya wiki. Nilimletea mali asubuhi, nikamwangalia akikata vitunguu na akili yake haiko pale.

Habari ikafika Bungoma, na Shemeji Barasa akaja. Sasa alikuwa mzee wa fimbo. Akakaa kwenye kiti changu kizuri, Nasimiyu akakaa mkekani, mimi nikakaa mlangoni asije mtu akatoroka.

"Mama Wekesa, huyu mtoto ni wa ukoo wetu," akaanza.

"Ni wenu. Na huo ugonjwa pia ni wenu. Mmempa vyote viwili."

Akameza hiyo. "Sikatai hospitali. Nauliza jambo moja. Huo utumbo ukitoka, utazikwa wapi? Mtu hazikwi kidogo Nairobi na kidogo Bungoma."

Nasimiyu akainua uso. "Baba mkubwa, mimi bado niko hai."

"Ndiyo maana nauliza mapema."

Mimi nilianza kucheka, Nasimiyu akacheka, na mzee naye akaanza kutikisika mabega. Halafu akaacha. Akaegemea fimbo akasema kwa sauti ndogo, "Nimemzika baba. Nimemzika Wanjala. Nimemzika Nelima. Mimi ndiye nilibaki na sijui kwa nini. Mkinisikia nauliza ujinga, ni kwamba sitaki kuchimba tena."

Nilikuwa nimepika matumbo. Nilifanya makusudi, sidanganyi. Tangu matanga yale hakuwahi kula kwangu. Nikamwekea sahani mbele. Aliiangalia muda, akanawa, akala, akasukuma sahani niongeze. Hiyo ndiyo radhi niliyoombwa, ilikuwa na dania na vitunguu, na nikaipokea.

Lakini Nasimiyu bado hakuwa amesema ndiyo.

Wengi wenu mlikuwepo siku aliyokuja kazini. Alichukua mali yake kama kawaida, halafu hakuondoka. Akasimama kando ya karai.

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Hicho wanataka kutoa."

Nikachagua utumbo wa mbuzi mmoja, mzima, haujakatwa popote, nikaumwagia maji. Halima akasema, "Mathe, leo kuna shule?"

"Kuna. Nyamaza usome."

Nikaunyoosha ule mwembamba juu ya saruji, ukafuata ukuta mpaka pale mikokoteni inasimama, nikaukunja ukarudi, ukakunjwa tena. Kando yake nikaweka ule mpana.

"Huu ndio wanatoa. Wa mutura. Na huu wote unabaki."

Nasimiyu akatembea kando ya utumbo ule polepole, buti hana, anashika leso isiguse chini. Nilijua alikuwa amefikiria anamalizwa ndani, anabaki gunia tupu. Daktari alimwambia vinginevyo, lakini maneno ya hospitali huingia na kutoka.

"Na kazi ya huu mpana ni nini?"

"Kunyonya maji. Ndiyo maana mbuzi hutoa vile vidonge vikavu."

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi nitaacha kuwa mbuzi, niwe ng'ombe."

"Utakuwa ng'ombe. Na ng'ombe anaishi."

Mlicheka mpaka wachinjaji wakatoka kuangalia. Yeye alicheka pia. Halafu akaja karibu yangu, akauliza chini chini, "Mama, ungekuwa wewe ungekubali?"

Ningeweza kusema ndiyo haraka haraka. Nikamwambia, "Mimi sina hicho kitu, siwezi kujivunia ujasiri wa bure. Ningekuwa nacho ningeogopa kama wewe. Lakini nilimwosha baba yako mwisho wake, nikamwosha Nelima. Wewe nilikuosha ukizaliwa na inatosha."

Alibeba mali yake akaenda kufungua kibanda. Jioni akanipigia simu: "Mwambie daktari anipe tarehe."

Siku ya upasuaji Wekesa alinipeleka, lakini akabaki chini langoni kwa sababu ati harufu ya dawa inamsumbua. Nilikaa kwenye benchi mpaka mpasuaji akatoka. Mnajua madaktari wetu, akitoa kitu kwa mtu wako anakuja kukuonyesha, usije ukasema mtu alipasuliwa tu akashonwa. Alikuwa na beseni limefunikwa kitambaa cha kijani.

"Ameendelea vizuri. Mama, utaweza kuangalia?"

"Daktari, wewe funua."

Akafunua. Alikuwa ameupasua kwa urefu. Nimeona matumbo maisha yangu yote na sijaona hivyo. Ulikuwa kama zulia, kama ukuta wa ndani umeota uyoga, mwanzo mpaka mwisho. Nikaomba glavu. Akasita, akanipa. Nikapitisha vidole. Nilikuwa natafuta mahali pamoja tu ambapo ningeweza kuweka kisu niseme hapa ni pazuri, pabaki. Hapakuwa na mahali.

Nikamwomba asiondoke nao. Nikampigia Wekesa, nikamwambia apande sasa hivi, na alisikia sauti yangu akapanda. Akasimama mbele ya lile beseni, jitu zima la lori, jasho linamtoka.

"Hii ilikuwa ndani ya Nasimiyu?"

"Ilikuwa ndani ya baba yako," nikasema.

Akaegemea ukuta. Mimi habari ya kupimwa sikumsukuma tena.

Utumbo ulikwenda maabara, na jibu likatoka kwamba hakuna saratani mahali popote. Tuliwahi. Shemeji Barasa nilimweleza kwa simu kwamba umepelekwa maabara, akauliza hiyo maabara iko kaunti gani.

Hapo ndipo niliacha kazi. Mtu wa kumuuguza alihitajika, na mtu wa kukaa kibandani alihitajika, na Imani wa kutayarishwa shule. Sista wa wodini aliyenifundisha mambo ya mfuko alikuwa akiniangalia usoni akingoja nikunje pua. Mimi mavi hayajanitisha tangu siku ile ya viatu. Unaosha ngozi kwa maji ya uvuguvugu, unakausha kabisa, unakata tundu la mfuko litoshe sawasawa, kwa sababu likizidi choo kinachoma ngozi. Unamwaga kabla haujajaa. Ndizi na wali vinagandisha choo, na lazima anywe maji ya chumvi na sukari. Baada ya muda alianza kujibadilishia mwenyewe huku akinituma nje, nikajua amepona.

Kibandani nilipoulizwa Nasimiyu yuko wapi nilisema ametolewa utumbo. Mteja mmoja akaacha kutafuna. Nikamwambia, "Wewe kula, huo wako ni wa mbuzi." Aliporudi alisimama pale na mfuko wake chini ya aproni, hakuna aliyejua ila aliowaambia, na aliwaambia karibu wote. Watu walinunua. Wanawake wawili walirudi baadaye, hawakutaka supu, walitaka kuuliza. Kisha mfuko ukatolewa, tundu likafungwa. Imani naye atapimwa akifika umri ambao daktari alisema, na ameshauliza kama kwa hiyo kamera ni lazima mtu atabasamu.

Siku moja Wekesa akaja kwangu bila kuitwa. Akazunguka, akasifu pazia, akauliza habari za magoti.

"Mama, hiyo kamera. Mtu huwa amelala?"

"Unalala."

"Hujui kitu?"

"Hujui kitu. Tutajua sisi."

Ile dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kamera alikuja kuinywea kwangu, hakutaka wanawe wamwone. Choo cha ploti kikawa chake tangu mchana. Jirani mmoja alimgongea mlango: "Wekesa, wewe humo umelipa kodi?" Alijibu kwa sauti ya mgonjwa kwamba ataondoka kesho.

Kesho yake tulikwenda, mimi na yeye na Nasimiyu. Alipoingia tulikaa nje, Nasimiyu akala maandazi kwenye karatasi, mimi sikuweza kula. Yule daktari akatoka naye, Wekesa bado ana plasta mkononi na miguu haijamkubali vizuri. Akamkalisha kati yetu.

"Hana hata kimoja," daktari akasema. "Kwa umri wake, na ugonjwa huu wenu, vingekuwa vimeonekana. Arudi mara moja tuhakikishe, lakini nimeridhika."

Nilishukuru Mungu kwa sauti, watu wa benchi lingine wakageuka. Nikamshika Wekesa nimpongeze. Nasimiyu alipoambiwa anavyo hakutoa chozi. Huyu ameambiwa hana, na analia ameweka uso kwenye mikono, mabega yanaruka.

"Ingekuwa mimi," akasema. "Mimi ndiye mkubwa. Ingefaa iwe mimi."

Nasimiyu akamaliza andazi lake bila haraka, akakunja karatasi.

"Ingekuwa wewe, saa hii tunakuzika. Wewe si ulikataa kupimwa. Mungu aliangalia akaona mwenye akili ni nani."

"Nasimiyu, mimi sifanyi mzaha."

"Hata mimi." Akamfuta uso kwa ncha ya leso yake, kwa nguvu, kama anavyomfuta Imani. "Sikiliza. Kuna gunia la viazi nimeacha sokoni, na mimi nimekatazwa kubeba vitu vizito."

"Umekatazwa mpaka lini?"

"Mpaka nichoke kukukumbusha una utumbo mzima."

Wekesa akasimama, akajishika kwenye ukuta mpaka miguu ikakubali, akauliza hilo gunia liko upande gani wa soko.